Gari fupi: pima kwanza, inua baadaye

Wewe unayepita barabara ya Bukavu, Burhale, Kigulube mpaka Shabunda huna haja ya kuelezwa matope ni nini. Mvua ikinyesha msituni na kamio zikapita, barabara huacha kuwa barabara. Hubaki mifereji miwili mirefu, na mgongo wa udongo katikati. Hapo kila shofere mwenye gari fupi, iwe Land Rover ya zamani, Land Cruiser ya milango miwili au Suzuki, huwaza jambo moja: "Nikiliinua gari langu, litapita juu ya haya yote."

Wazo hilo si baya. Gari lililoinuliwa kwa kipimo linafika. Lakini gari fupi lililoinuliwa ovyo linapinduka, na ndani yake wamo wenzako. Basi kabla ya kwenda garajini, soma ukurasa huu mpaka mwisho.

JE, NI KITU GANI KINACHOGUSA CHINI?

Hili ndilo swali la kwanza, na wengi hawajiulizi. Ukirudi safarini, usioshe gari kwanza. Ingia chini yake na taa, utazame chuma gani kimekwaruzwa na udongo.

Kama ni difu, yaani lile tumbo la chuma katikati ya ekseli, springi mpya hazitakusaidia hata kidogo. Springi hukaa juu ya ekseli au hufungwa kwake. Zinainua chasisi na bodi, lakini ekseli yenyewe inabaki palepale, kwa sababu inabebwa na magurudumu. Kinachoinua difu ni tairi peke yake. Tairi ya 6.00-16 ina kimo cha karibu sm 73, na ya 7.50-16 karibu sm 80. Ukibadili ya kwanza kwa ya pili, difu hupanda nusu ya tofauti hiyo, yaani kama sm 3 na nusu.

Kama kilichokwaruzwa ni chasisi, tanki la mafuta, bomba la moshi au bampa, hapo springi zina kazi. Na kama springi zako zimechoka na kulala, huenda huhitaji kuinua gari. Unahitaji kulirudisha kwenye kimo chake cha kiwandani tu.

Shofere anayeinua gari sm 10 ili difu isiguse amelipa fedha, ameongeza hatari, na difu yake bado inalima udongo.

KWA NINI GARI FUPI LINA HATARI ZAIDI

Tunaposema gari fupi, tunapima umbali kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma. Land Rover fupi ya zamani ina mita 2.23, na ndugu yake ndefu ina 2.77. Land Cruiser fupi ya aina ya 40 ina karibu 2.29. Suzuki SJ410 ina 2.03 tu. Ufupi huo una faida: gari linageuka mahali padogo, na tumbo lake halikwami upesi juu ya kilima. Lakini una bei yake.

Kila gari lina kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wake wote ni kama umekusanyika. Ukiinua gari, kitovu hicho nacho kinapanda. Sasa fikiri unateremka mlima na kukanyaga breki. Uzito unahama kutoka nyuma kwenda mbele. Kadiri kitovu kilivyo juu na ekseli zilivyo karibu, ndivyo uzito mwingi zaidi unavyohama. Kwa kitovu cha kimo kilekile na breki ileile, Land Rover fupi inahamisha karibu robo zaidi ya ile ndefu. Magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi, yanateleza, na gari linageuka upande bila wewe kutaka.

Kuanguka ubavu ni vivyo hivyo. Tufanye hesabu ndogo ya karatasi. Land Rover fupi ina karibu mita 1.31 kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Tuseme kitovu chake kiko sm 70 kutoka chini. Gari hilo likiwa limesimama, litaanguka likiinama kiasi cha nyuzi 43. Pandisha kitovu sm 10, nalo litaanguka kwenye nyuzi 39. Utasema nyuzi nne si kitu. Lakini hiyo ni hesabu ya gari lililosimama, springi zisizolala, mzigo usiohama. Njiani springi ya upande wa chini inalala, pipa linasogea, tairi inagonga jiwe, na gari linaanguka mapema kuliko karatasi inavyosema.

Sasa kumbuka mifereji yetu. Imechimbwa na kamio, na kamio ni pana. Gari dogo haliwezi kuweka magurudumu yote mawili katika mifereji yote miwili. La upande mmoja linazama, la upande wa pili linapanda juu ya mgongo wa udongo, na gari linasafiri limeinama. Kwa hiyo, barabara ileile inayokufanya utamani kuinua gari ndiyo inayolipindua likiinuliwa kupita kiasi.

USISAHAU KARDANI

Kardani ni ule mti wa chuma unaozunguka na kupeleka nguvu kwenye ekseli. Katika gari fupi nao ni mfupi, hasa ule wa nyuma. Ukiinua gari, kardani inainama zaidi. Tuseme yako ina urefu wa sm 60: ukiinua sm 5, inaongezeka karibu nyuzi 5 za kuinama. Kardani ya sm 120 ingeongezeka nusu ya hapo. Krosi zinazoinama sana hutetemeka, huchoka na hukatika. Kardani ikikatika ukiwa mlimani, nguvu ya injini haifiki kwenye ekseli hiyo. Tena katika Land Rover na Land Cruiser nyingi za zamani, breki ya mkono hushika kardani ya nyuma, si magurudumu. Kardani imekatika, na breki ya mkono imekwenda nayo.

NJIA ZA KUINUA: IPI UCHAGUE?

Springi kamili mpya, zilizotengenezwa kwa kimo na uzito unaojulikana. Hii ndiyo njia nzuri. Kwa gari fupi tunakushauri usipite sm 5. Zaidi ya hapo kardani, usukani na breki vyote vinataka kazi mpya.

Shakeli ndefu, yaani vile vyuma viwili vinavyoshika ncha moja ya springi. Ni rahisi, ndiyo maana zinapendwa. Lakini shakeli iliyoongezwa sm 5 inainua gari sm 2 na nusu tu, kwa kuwa ncha moja tu ya springi ndiyo inayosogea. Tena inaizungusha ekseli kidogo. Ikiwa ni ya mbele, usukani unabadilika: haurudi wenyewe baada ya kona, au gari linatangatanga.

Vipande vya chuma kati ya springi na ekseli. Nyuma vinaweza kutumika vikiwa vifupi, vya chuma kizima, na yubolti zake ndefu zinazofaa. Mbele, kamwe! Ekseli ya mbele inabeba usukani na breki kubwa. Kipande kikichomoka, gari halina tena mwelekeo. Na kipande cha mti ni marufuku mbele na nyuma.

CHAGUA KWA MZIGO, SI KWA MACHO

Springi huchaguliwa kwa kilo. Kabla ya kuagiza, andika unachobeba kila siku, si unachobeba mara moja kwa mwaka. Pipa moja la mazuti la lita 200 lina karibu kilo 185. Watu wanne wenye vyombo vyao wanapita kilo 300. Springi laini mno italala chini ya mzigo huo, na kimo ulichonunua kitapotea. Springi ngumu mno gari likiwa tupu haitalala kabisa. Gurudumu litaruka juu ya mashimo, na gurudumu lililo hewani halishiki breki.

Na mzigo mzito ukae chini, mbele ya ekseli ya nyuma, umefungwa kwa kamba. Ukiuweka juu ya paa, umeliinua gari lako mara ya pili.

MGONGO WAKO PIA

Tangu 1977 Shirika la Kazi la Kimataifa, katika Mkataba wake namba 148, linahesabu mtikisiko kuwa hatari ya kazi, pamoja na kelele na hewa chafu. Shofere anayepigwa na springi ngumu siku baada ya siku anajitafutia maumivu ya kiuno. Springi zilingane na mzigo, shokapu ziwe nzima, na kiti kiwe na sponji. Ukianza kuumwa mgongo baada ya safari, nenda kwenye zahanati, usingoje ushindwe kuinama.

GARI LIKITOKA GARAJINI

Usilipokee kabla hujayaona haya kwa macho yako:

1. Mipira ya breki. Fundi ainue chasisi mpaka magurudumu yaning'inie. Mpira ukikaza kama kamba, ni mfupi. Ubadilishwe.

2. Shokapu. Zisifike mwisho wake magurudumu yakining'inia, wala zisigonge springi zikilala. Springi ndefu zinataka shokapu ndefu.

3. Usukani. Geuza kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Tairi isiguse springi wala mpira wa breki.

4. Breki za nyuma. Magari kadhaa ya mzigo ya Toyota yana valvu iliyounganishwa na ekseli ya nyuma, inayopima mzigo. Gari likiinuliwa, valvu hudhani gari ni tupu na kupunguza breki ya nyuma. Lazima irekebishwe.

5. Yubolti. Zikazwe tena baada ya siku za kwanza za kazi, maana springi mpya hukaa mahali pake polepole.

6. Majaribio. Gari liendeshwe tupu kwanza, polepole, mahali tambarare, na breki zijaribiwe. Baadaye na mzigo.

Kisha uandike katika daftari la gari: limeinuliwa sm ngapi, na lini. Shofere mwenzako atakayelichukua kesho hajui kwamba si gari lile la jana. Kona aliyokuwa akiipita salama inaweza kumwangusha.

Ndugu mfanyakazi, gari lililoinuliwa linataka mwendo mdogo kuliko awali, si mkubwa. Mahali ambapo mfereji umezama mno, abiria washuke, mtu mmoja atangulie kwa miguu na fimbo apime kina, na majembe yasawazishe mgongo wa udongo. Dakika ishirini za jembe ni fupi kuliko kubeba majeruhi kwa machela msituni mpaka mahali ndege inapotua.

Pima kwanza. Inua baadaye. Endesha polepole siku zote.

USALAMA KWANZA!