Je, Wajua? Nje ya Kabati la Viatu la Imelda

Usiku wa Februari 25, 1986, Ferdinand Marcos na mkewe Imelda waliihama ikulu ya Malacañang, jijini Manila, kwa helikopta za Wamarekani. Walikuwa wameitawala Ufilipino miaka 20. Walioingia baadaye walikuta makabati yamejaa kama duka: magauni, mikoba, hata makoti ya manyoya katika nchi yenye joto kama la Mombasa. Na viatu. Wengi husema pea 3,000. Imelda mwenyewe alisema ni 1,060. Hata kwa hesabu yake, ukivaa pea moja kwa siku utakaribia miaka mitatu kabla ya kurudia ile ya kwanza.

Sehemu ya viatu hivyo iko Marikina, mji wa mafundi viatu ulio jirani na Manila. Jumba la makumbusho lilifunguliwa huko mwaka 2001, na Imelda alikwenda kulizindua. Vitu vingine walivyoviacha vilikuja kukutwa mwaka 2012 vimeingiwa na mchwa na ukungu.

Lakini viatu vilikuwa kitu kidogo.

Je, wajua kuna kasri lililojengwa kwa mnazi? Mbao zake nyingi ni za mnazi, na taa na meza zimenakshiwa kwa vifuu. Imelda alilijenga ili Papa Yohane Paulo wa Pili afikie humo mwaka 1981. Papa alikataa kulala ndani yake: aliona ni anasa iliyopita kiasi mbele ya watu maskini. Wakati huo wakulima wa minazi nchini humo walikuwa wakikatwa tozo kila walipouza mbata. Yeyote aliyekulia pwani na kumwona mzee akianika mbata juani, akiianua mbio wingu likitanda, anajua jasho lililomo katika kila gunia.

Mwaka huohuo Imelda alitaka jengo la sinema, lenye nguzo za mtindo wa Kigiriki, liwe tayari kwa tamasha la filamu la Januari 1982. Mafundi walifanya kazi kwa zamu, usiku na mchana. Alfajiri ya Novemba 17, 1981, mnamo saa tisa, jukwaa la ujenzi walilosimama juu yake likaporomoka, wakaanguka ndani ya zege bichi la aina inayokauka haraka. Waokoaji na waandishi wa habari walizuiwa kuingia kwa saa nyingi, na zege halimsubiri mtu. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Tamasha lilifanyika kama lilivyopangwa. Kwangu mimi, hili ndilo la kwanza kukumbukwa jina la Imelda linapotajwa, kabla ya kiatu chochote.

Je, wajua wanyama wa Kenya nao waliingia katika mambo ya familia hii? Mwaka 1977, kwa amri ya Marcos, wanyama 104 walisafirishwa kwa meli hadi kisiwa cha Calauit, Ufilipino: twiga, pundamilia, pofu, kuro, nyamera, pongo na swala. Ili wapate malisho, familia zaidi ya 200 za wenyeji zilihamishwa. Baada ya 1986 watu walianza kurudi kwenye ardhi yao, wakaikuta ina twiga.

Almasi je? Katika vito walivyonyang'anywa walipotua Hawaii uhamishoni kulikuwa na jiwe la waridi la karati 25, yaani gramu 5, kama kijiko kidogo cha sukari. Lilikaa karibu miaka 30 katika hifadhi ya benki kuu ya Ufilipino, hadi wathamini walipolitambua mwaka 2015 kuwa almasi adimu ya mamilioni ya dola.

Fedha zenyewe zilikuwa Uswisi. Mwaka 1968 akaunti zilifunguliwa huko kwa majina ya William Saunders na Jane Ryan. Saunders alikuwa Marcos, Jane Ryan alikuwa Imelda. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Ufilipino ilipiga hesabu: kipato chao halali kwa miaka yote ya madaraka kilikuwa dola 304,372, ilhali zilizokutwa Uswisi zilifikia dola milioni 658. Mwaka 2018 Imelda alitiwa hatiani kwa makosa saba ya ufisadi yaliyohusu taasisi za Uswisi. Alikata rufaa, hakufungwa.

Kwa sheria ya mwaka 2013, peso bilioni 10 za fedha hizo zilitengwa kuwafidia walioteswa, waliofungwa na jamaa za waliouawa chini ya utawala ule. Orodha ya waliotambuliwa ina watu 11,103.