Mama, unakoropa nyumba na kitu gani?



Siku ya kilo tunakuuliza mambo mingi juu ya mutoto. Anakula nini? Analala ndani ya chandarua? Alipata sindano zote? Leo tunakuuliza jambo moja ambalo haliandikwi kwenye karte yake: chini ya nyumba yako unakoropa na kitu gani?

Pengine utacheka. Lakini angalia mutoto wa miezi 8 anayetambaa. Mukono wake uko chini, kisha mukono uleule unaingia kinywani. Kipande cha kwanga kinaanguka, anakiokota na kukila. Wewe unakula mezani, yeye anakula chini. Basi chini kunapaswa kusafishwa vizuri kama sahani.

Ni uchafu gani unaingia?

Viatu na miguu inaleta udongo wa lupango na wa njia ya choo. Ndani ya udongo ule munaweza kuwa mayai ya minyoo ya tumbo, madogo sana, macho hayawezi kuyaona. Munyoo mumoja muke wa aina ya askarisi unaweza kutaga mayai karibu 200.000 kwa siku moja. Mayai haya ni magumu. Sabuni haiyaui, Javel pia haiwezi kuyaua. Dawa yake ni kuyaokota na kuyatosha inje.

Kwa hiyo kifaa kizuri cha kukoropa ni kile kinachookota uchafu na kuutosha. Kile kinachoutembeza toka pembe moja mpaka pembe ingine hakifai, hata kama ni cha bei kali.

Kosa langu mimi mwenyewe

Wakati nilipoanza nyumba yangu, tulikuwa na vyumba viwili vidogo vya sima. Nilinunua fagio kubwa ya nyuzi, kama zile za hospitali. Nilifurahi sana. Kila asubui nilikoropa, kisha niliirudisha ndani ya ndoo yake nyuma ya mulango, na maji yake, mpaka kesho. Kiisha siku chache nyumba ilianza kunuka. Niliongeza sabuni ya marashi. Ikanuka zaidi. Siku moja mama jirani aliingia, akasema: « Dada, nyumba yako hainuki. Ni ile kitu nyuma ya mulango. »

Nilikuwa mwalimu wa wauguzi, na nilisikia haya! Mikrobe inapenda mambo matatu: maji, joto kidogo, na chakula. Ndani ya ndoo yangu yote matatu yalikuwamo. Kuna mikrobe ambazo, zikipata mahali pazuri, mumoja unakuwa mbili kila dakika 20. Hesabu wewe mwenyewe usiku muzima. Kila asubui nilikuwa ninapakaa nyumba uchafu wa jana, na mutoto wangu alikuwa anatambaa juu yake.

Mbele ya kununua, uliza maswali haya manne

1. Ninaweza kuikamua vizuri kwa mikono yangu?
2. Kitambaa chake kinatoka, nikifue na kukianika?
3. Inakunywa maji kiasi gani? Bidoni ya litre 20 ni kilo 20 juu ya mugongo ao kichwa chako. Usinunue kitu kitakachokutuma mutoni mara mbili.
4. Muti wake ni murefu? Ukisimama wima, ukifika karibu na kidevu, mugongo wako hautaumia.

Sasa tuangalie vile tunavyopata ku soko.

Torsho peke yake, kwa mikono. Bei ni ndogo na inaingia kila pembe. Lakini unainama wakati murefu. Kwa mama mwenye mimba kubwa, ao aliyepasuliwa juu ya kuzaa, haifai.

Fagio ya nyuzi. Ni nzuri kwa mahali pakubwa penye ndoo ya kukamulia. Ndani ya nyumba ndogo inakunywa maji mingi, ni nzito kukamua, na haikauki upesi.

Fagio ya sponji. Ni nyepesi. Lakini sponji ikipasuka, kupata ingine ya kipimo kilekile ni mateso.

Rakleti na torsho. Ni muti murefu wenye mupira chini, na unaifunika na torsho. Hii ndiyo tunayokushauri. Torsho inatoka, inafuliwa, inakauka upesi. Ikizeeka, unakata ingine katika kitambaa cha koto cha zamani ao taulo iliyochakaa. Na mupira peke yake unasukuma maji inje wakati mvua imeingia. Haiombi nafasi: itundike ku musumari.

Nunua ao kata torsho mbili za rangi mbalimbali: moja ya nyumba, moja ya choo na mahali pa kuoga. Zisibadilishane hata siku moja.

Namna ya kukoropa

1. Fagia kwanza. Torsho si fagio.
2. Tayarisha ndoo mbili ndogo: moja ya maji na sabuni, moja ya maji safi ya kusuuza torsho.
3. Chovya ndani ya sabuni, kamua, pitisha. Suuza ndani ya maji safi, kamua, kisha rudia.
4. Anzia pembe ya mbali, ukirudi nyuma kuelekea mulango.
5. Maji yakichafuka, yabadilishe. Yamwange ndani ya choo ao shimo, si pale watoto wanapochezea.
6. Fua torsho, ianike juani. Ndoo igeuzwe chini juu. Kisha nawa mikono na sabuni.

Kama mutu ametapika, ameharisha ao ametoka damu chini, usishike na mikono mitupu. Okota uchafu kwanza, osha na sabuni, kisha weka Javel. Kama chupa imeandikwa 5%, changa kikombe 1 cha Javel na vikombe 9 vya maji. Acha dakika 10, kisha pangusa. Kama chupa imeandikwa kipimo kingine, uliza muuguzi. Tayarisha mupya kila siku. Usichange Javel na siki ao dawa ingine ya kusafisha, kwa sababu hewa inayotoka inaumiza mapafu. Na usiitie ndani ya chupa ya soda: watoto wamekunywa Javel kwa namna hii.

Na mama mwenye nyumba ya udongo?

Usisikie haya, na usikorope. Udongo uliolowana unakuwa kitanda kizuri cha minyoo. Nyunyiza maji kidogo tu ili vumbi isiruke, kisha fagia na utupe takataka mbali. Tandika mukeka ao kitambaa kikubwa pale mutoto anapotambaa. Ukifue na kukianika juani, na viatu visipande juu yake. Ule mukeka ndio sima ya mutoto wako.

Mama, jioni ya leo, mbele ya kulala, angalia nyuma ya mulango. Kama torsho yako imelala ndani ya maji, itoshe, ifue, uitundike. Haiombi feza hata kidogo, na kesho mutoto atatambaa mahali safi.