Karatasi ya damu haihitaji barafu: safari ya kipimo cha mtoto hadi maabara

Muuguzi anatoboa kisigino cha mtoto, anagusisha damu kwenye karatasi nene nyeupe yenye miduara mitano, kisha anailaza karatasi juu ya meza. Hakuna friji wala barafu, na pengine siku hiyo umeme wenyewe umekatika. Mama anatazama na kujiuliza: katika joto hili la Bujumbura, damu hiyo haitaoza kabla ya kufika maabara?

Swali hilo huulizwa mara nyingi na akina mama wakimbizi wanaoishi Kamenge na mitaa ya jirani, na ni swali zuri. Jibu fupi ni kwamba haitaoza, mradi imekauka vizuri. Inafaa kujua sababu yake, kwa kuwa mzazi anayeondoka akiamini kipimo kimeharibika huenda asirudi kuchukua majibu.

Kwa nini karatasi, na si kipimo cha haraka?

Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya UKIMWI, au SIDA kama wengi wetu tunavyoita, huzaliwa na kingamwili za mama yake ndani ya damu. Kipimo cha haraka, kile cha kusubiri mistari, hutafuta kingamwili hizo. Kwa mtoto wa chini ya miezi 18 kinaweza kuonyesha mistari miwili wakati yeye mwenyewe hana virusi. Inabidi vitafutwe virusi vyenyewe, yaani chembe zao za urithi, na kazi hiyo hufanywa na mashine ya PCR.

Si kila kituo cha afya kina mashine hiyo. Anayeishi Kamenge yuko hatua chache kutoka hospitali ya Chuo Kikuu, CHUK, ambayo wengi mjini huiita Roi Khaled. Lakini mama aliye kambi ya Musasa upande wa Ngozi, au Bwagiriza upande wa Ruyigi, damu ya mwanawe inaweza kulazimika kusafiri saa nyingi milimani. Damu ya majimaji ingehitaji sanduku la barafu, gari na haraka. Karatasi iliyokauka husafiri ndani ya bahasha, hata kwenye pikipiki. Siku ambazo mafuta ya gari yameadimika, tofauti hiyo si ndogo.

Na muda wenyewe hauna subira. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtoto apimwe akiwa na wiki 4 hadi 6. Watoto wenye virusi wasiopata dawa, karibu theluthi moja hufa kabla ya mwaka mmoja, na nusu kabla ya miaka miwili. Wanaoanza dawa mapema hukua na kwenda shule.

Mfano wa ndagala

Sisi wa kando ya Tanganyika tunalijua jambo hili bila kulisoma chuoni. Ndagala wabichi hawamalizi siku bila kunuka. Waliokaushwa vizuri husafiri ndani ya gunia hadi Muyinga, wala hakuna anayeuliza friji iko wapi. Kilichoondoka ni maji tu.

DNA nayo ni hivyo hivyo. Ni uzi mrefu sana, na vitu vinavyoukata, yaani bakteria, vimeng'enya na maji yenyewe, vyote hufanya kazi kwenye unyevunyevu. Maji yakiisha, kazi yao karibu inasimama. Damu iliyokauka kwenye karatasi maalumu huweza kukaa wiki kadhaa katika joto la kawaida la chumba na bado ikapimika. Maabara ikitaka kuihifadhi kwa muda mrefu zaidi, ndipo huiweka kwenye ubaridi.

Wala si mbinu iliyobuniwa kwa ajili ya maskini, kama nilivyowahi kusikia mtu akilalamika. Mwaka 1963 daktari Mmarekani, Robert Guthrie, alieleza jinsi ya kupima ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo wa watoto kwa kutumia tone la damu kwenye karatasi. Hadi leo watoto wanaozaliwa Ulaya na Marekani hutobolewa kisigino namna hiyo hiyo.

Kinachoiharibu kweli

Ndagala wakinyeshewa wanaoza, na karatasi pia. Adui ni unyevu, hasa miezi ya mvua. Karatasi inatakiwa ikauke angalau saa 3 au 4, kivulini, bila kugusana na nyingine na bila kuanikwa juani. Kisha hufungwa ndani ya kifuko pamoja na vijifuko vya chembechembe zinazonyonya maji, kama vile unavyovikuta kwenye boksi la viatu vipya. Humo huwekwa pia kadi ndogo inayobadilika rangi unyevu ukiingia. Ukiona muuguzi anaacha karatasi mezani hata baada ya wewe kuondoka, hajaisahau. Anaikausha.

Kosa jingine ni jina. Sisi Wakongomani tuna majina matatu au manne, na kila ofisi huandika lake. Hakikisha jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye karatasi vinalingana na kadi ya kliniki ya mtoto.

Usichukulie kuwa kila kitu sasa hakihitaji ubaridi. Chanjo nyingi bado zinauhitaji, na kuna vipimo vinavyotaka damu mbichi.

DNA ya familia

Mbinu hii ya kukausha hutumika pia pale nchi inayopokea wakimbizi inapotaka uthibitisho wa uzazi. Pamba husuguliwa ndani ya shavu, hukaushwa, hufungwa kwenye bahasha na kutiwa muhuri mbele ya shahidi. Wewe hupewi uibebe. Mtu akikuambia ataipeleka kwa malipo, ni tapeli.

Marekani ilijaribu kipimo hiki Nairobi mwaka 2008. Familia nyingi hazikuthibitika au zilikataa kupimwa, na mpango wa kuunganisha familia ukasimamishwa. Ulipofunguliwa tena mwaka 2012, DNA ikawa sharti kwa mzazi na mtoto. Sidhani wote walikuwa waongo. Kwetu, mtoto wa marehemu dada yako ni mwanao. Lakini mashine haijui hilo, kwa hiyo liseme kwenye mahojiano, kabla ya pamba kufika mdomoni.

Kuhusu majibu

Muulize muuguzi siku ya kurudi na uiandike kwenye kadi. Endelea kumpa mtoto dawa ya maji uliyopewa wakati unasubiri, na umnyonyeshe kama ulivyoelekezwa. Majibu ya kwanza yakiwa mazuri, bado atapimwa tena akiwa na miezi 9, na baada ya kuacha kunyonya.

Ukihama Kamenge kwenda kambini kabla ya majibu kutoka, nenda na kadi ya zamani. Mpe muuguzi wa huko jina la kituo na tarehe ya kutobolewa, aulizie. Yasipopatikana, mtoto atatobolewa upya siku hiyo hiyo, matone matano.