Imebaki miaka minne ustaafu: je, uhamishe pensheni yako?

Watu wa Pwani tunaofanya kazi huku ziwani si wachache. Wako madereva wa malori yapitayo Isebania kwenda Tanzania, mafundi wa umeme, wenye maduka ya vipuri Homa Bay na Migori, na wale wanaonunua omena Mbita na Muhuru Bay wakaipakia hadi Kongowea. Ukiwatoa walimu na watumishi wa serikali, wengi wetu hatuna mwajiri wa kutukatia pensheni. Kila mtu amejifungulia mpango wake binafsi, mara nyingi kwa ajenti aliyempitia dukani miaka mingi iliyopita, na tangu siku hiyo hajauliza tena.

Sasa tumevuka hamsini, na swali ninalolisikia kila tukikaa barazani ni hili: kuna kampuni nyingine inakata kidogo, je, inafaa kuhama ilhali imebaki miaka minne mitano tu? Jawabu la wengi ni "imebaki kidogo, wacha ilivyo." Mimi naliona jambo hili kinyume kabisa.

Makato ya pensheni hayahesabiwi kwa kile unachoweka mwezi huu. Yanahesabiwa kwa mfuko wote uliokusanya tangu uanze. Ulipokuwa na elfu 50, asilimia tatu ilikuwa shilingi 1,500 kwa mwaka, haikuumi. Ukiwa na laki nane, asilimia ile ile ni shilingi 24,000 kila mwaka. Kwa hivyo miaka ya mwisho ndiyo ya ghali zaidi.

Tupige mfano. Una shilingi 800,000 na huongezi kitu. Uwekezaji unaleta asilimia 10 kwa mwaka kabla ya makato. Mpango wa kwanza unakata jumla ya asilimia 3.5, wa pili 1.5. Baada ya miaka minne wa kwanza utakupa kama 1,029,000 na wa pili kama 1,108,000. Tofauti ni karibu shilingi 79,500. Kwa miaka 10 tofauti inafika laki tatu na ushei, ilhali hukuongeza hata senti moja. Hizi ni namba zangu za mfano, si ahadi ya kampuni yoyote. Weka zako mwenyewe uone.

Na hesabu haiishi siku ya kustaafu. Kwenye mpango wa pensheni unaruhusiwa kuchukua hadi theluthi moja kwa mkupuo. Iliyobaki, ama ununue pensheni ya kila mwezi kutoka kampuni ya bima, ama uiache mfukoni uwe unachota kwa awamu kwa muda usiopungua miaka 10. Ukichagua kuchota, pesa bado zimewekezwa na makato bado yanakwenda. Mwenye miaka minne ya kazi huenda ana miaka 14 ya kukatwa.

Shida ni kuyajua hayo makato. Kuna ada ya msimamizi anayeweka kumbukumbu, ada ya mwekezaji, ya benki inayotunza mali, ya wadhamini, na tozo ya Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, yaani RBA. Taarifa ya mwaka mara nyingi inakuonyesha faida iliyokwisha kukatwa, basi wewe unaona asilimia saba unashukuru Mungu. Ukimuuliza ajenti atakwambia "ni kidogo tu." Usikubali jibu la mdomo. Andika barua, uliza jumla ya makato yote kwa asilimia ya mfuko, na uliza pia ukiondoka wanakata nini.

Hapo pa kuondoka ndipo pa kusimama kidogo. Baadhi ya watu hawana pensheni kabisa, wana sera ya bima ya maisha yenye akiba ndani, waliyouziwa kwa jina la "mpango wa uzeeni." Ukiivunja kabla ya muda wake unalipwa pungufu, na mara nyingine heri kuimaliza. Wengine wako kwenye mfuko wenye faida ya kima cha chini kilichodhaminiwa, ambao kampuni hutangaza faida mwaka ukiisha. Hawa waulize ukitoka katikati ya mwaka unahesabiwaje, kwani kungoja tangazo hilo kunaweza kuwa na maana. Pia udhamini huo una thamani yake kwa mtu aliyebakisha miaka miwili: huko kwa bei nafuu soko likianguka, unaanguka nalo.

Watu wa huku pia waangalie ada isiyo ya asilimia. Omena hufungwa Aprili hadi Julai, na mkulima wa miwa Awendo hungoja mwaka na zaidi ndipo alipwe. Mpango unaokata kiasi maalumu kila mwezi, uweke usiweke, unakula akiba ndogo taratibu. Kwa mtu wa kipato cha msimu, nafuu ni mpango usiomwadhibu kwa kuruka miezi. Ndiyo fikra iliyokuwa nyuma ya mpango wa Mbao ulioanza 2011, wa shilingi 20 kwa siku kwa watu wa jua kali. (NSSF ni habari nyingine: huwezi kuamua mwenyewe kuchukua michango yako ya lazima ukaipeleka kwingine.)

Kwa Waislamu kuna suala la riba. Ipo mipango inayojiendesha kwa misingi ya sharia, na mtu akihama kwa sababu hiyo ana haki yake. Lakini jina la halali halipunguzi makato. Uliza bodi ya masheikh ni akina nani, kisha uliza asilimia vile vile.

Ukishaamua, kwanza hakikisha mpango mpya umo kwenye orodha ya RBA, iliyoko kwenye tovuti yao. Jiunge, upate barua ya kukubaliwa yenye namba ya usajili na akaunti ya benki ya mpango wenyewe. Barua hiyo ndiyo unaipeleka kwa kampuni ya zamani pamoja na ombi la kuhamisha. Pesa zitoke mfuko hadi mfuko, zisipite mkononi mwako wala kwa ajenti. Mtu akikwambia "toa kwanza halafu uniletee," mkimbie. Tangu mwisho wa Desemba 2024 mafao ya mipango iliyosajiliwa hayatozwi kodi ukifika umri wa kustaafu uliowekwa na mpango, au ukitimiza miaka 20 ya uanachama. Ukitoa mapema nje ya masharti hayo, KRA wanachukua chao. Kwa sababu ya hiyo miaka 20, dai kampuni mpya iandike tarehe yako ya zamani ya kujiunga.

Mimi nimehamisha yangu mwaka jana nikiwa Homa Bay. Kampuni niliyoiacha ilinizungusha: mara fomu haionekani, mara sahihi hailingani na ya zamani. Kilichosaidia ni nakala ya kila barua ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Wakikukwamisha, malalamiko yanapelekwa kwa mtendaji mkuu wa RBA, na usiporidhika lipo baraza la rufaa la mafao ya kustaafu.

Kitu kimoja hakikufuati ukihama, nacho ni majina ya warithi uliowaandika. Kwa sheria ya mafao ya kustaafu, mwanachama akifariki pesa zinalipwa kwa aliowataja, na haziingii kwenye mali ya marehemu inayogawanywa. Asipotaja mtu, wadhamini ndio wanaoamua. Kwa hivyo usidhani Kadhi ataligawa fungu hilo pamoja na nyumba na shamba. Jaza fomu mpya siku ile ile unayojiunga, kwa majina kama yalivyo kwenye vitambulisho, na nakala moja iachwe na mtu wa nyumbani. Pesa zikishafika, omba taarifa ya mwisho ya kampuni ya zamani na ya kwanza ya kampuni mpya, uzilinganishe shilingi kwa shilingi.