Mwanzo wa Hadithi ni Ndoana, Si Pambo

Mvuvi wa mbuta katika Ziwa Victoria hatupi mshipi mtupu majini. Huifunika ndoana kwa samaki mdogo, kwa kuwa anajua mbuta ni mlaji wa wenziwe. Anayetafuta omena hana haja na ndoana. Huwasha taa usiku wa giza, akawaacha samaki wauendee mwanga wenyewe. Wavuvi hawa wawili wanafahamu jambo ambalo wasimulizi wengi wamelisahau, nalo ni kwamba chambo huchaguliwa kwa kumtazama anayevuliwa, si kwa kumfurahisha anayevua. Msimulizi naye ni mvuvi, na sentensi zake za kwanza ndizo ndoana yake.

Leo nakusudia kulijadili suala hili la mwanzo wa hadithi kupitia mchezo ambao yamkini wasomaji wengi hawajauona ukichezwa, ingawa umri wake umepita miaka 50. Mwaka 1974, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watu huketi kuizunguka meza. Mmoja wao huwa msimulizi mkuu, ambaye huujenga ulimwengu wa kubuni wenye majitu, wachawi na falme zilizoanguka. Kila mmoja wa waliosalia hujitwalia mhusika na kumsemea. Msimulizi hueleza hali ilivyo, wachezaji husema watakalotenda, na pale matokeo yanapokuwa na shaka, dadu hurushwa. Hapana mshindi, na hapana ajuaye mwisho, hata msimulizi mwenyewe.

Mchezo wa namna hii hufa au huishi kutokana na mwanzo wake. Msomaji wa riwaya akichoshwa na ukurasa wa kwanza anaweza kuvumilia hadi wa pili. Mchezaji asiyepewa sababu ya kuinuka alipoketi hatainuka kamwe, na hadithi haitakuwepo.

Hapa Otonglo, kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Busia, lipo kundi la wanafunzi watano wa chuo wanaoucheza mchezo huu siku za Jumamosi. Walinialika niketi nao mara mbili mwaka huu. Mara ya kwanza msimulizi wao alianza hivi: wasafiri wako katika nyumba ya wageni, theluji inaanguka nje, akaingia mzee mwenye ndevu nyeupe aliyebeba ramani ya hazina. Vijana walisikiliza kwa adabu. Mmoja aliendelea kula njugu. Nilipouliza theluji hiyo imetoka wapi, nilijibiwa kuwa ndivyo kitabu cha mchezo kinavyoelekeza.

Mara ya pili msimulizi huyo huyo alikiweka kitabu kando. Akasema: "Ninyi ni wavuvi wa pwani ya Gwassi. Alfajiri mnavuta mtego, ni mzito kuliko siku zote. Ndani yake hamna samaki. Mna kikongwe mwenye jicho moja, yu hai, na anawaomba mmpeleke nyumbani. Mnafanyaje?" Njugu zilisahauliwa. Mmoja alitaka kumrudisha ziwani, wa pili akamkemea kwa kumvunjia mzee heshima, wa tatu akauliza nyumbani kwa nani. Wakabishana nusu saa kabla dadu haijarushwa hata mara moja.

Wasomaji wa kwetu wamekwishaitambua hadithi hiyo. Ni kisa cha Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi fukara aliyemwopoa kikongwe ziwani, akatajirika kwa baraka zake, kisha akamtusi, na mali yote ikamfuata kikongwe huyo majini. Tunapowasimulia watoto kisa hiki, aghalabu hukimbilia mwisho wake, ili wapate funzo la kutodharau watu. Kijana yule alifanya kinyume. Aliikata hadithi pale inapouma, kisha akaukabidhi uamuzi kwa wasikilizaji.

Je, siri ya mwanzo ule ni ipi? Mwaka 1967, wanaisimu William Labov na Joshua Waletzky walionyesha kwamba watu wanaposimulia mambo yaliyowapata, masimulizi yao huwa na sehemu zinazotambulika: utambulisho wa mahali na wahusika, mvurugo wa mambo, tathmini, suluhisho na hitimisho. Mwanzo dhaifu hurundika utambulisho. Mwanzo wenye ndoana huuleta mvurugo mapema na kuuacha utambulisho ujidhihirishe polepole. Kwa maoni yangu, mwanzo huo unahitaji mambo matatu: kitu kilichovunja utaratibu wa kawaida, uamuzi usioweza kuahirishwa, na gharama itakayolipwa hata uamuzi uwe upi. Ramani ya yule mzee wa thelujini ilikuwa na la kwanza tu, tena kwa uchache. Kikongwe wa mtegoni alikuwa na yote matatu.

Lugha yenyewe pia ina kazi yake. Hadithi zetu za Kiswahili huanza kwa wakati uliopita na nafsi ya tatu: hapo kale paliondokea mtu. Umbo hilo humweka msikilizaji mbali na tukio, naye hustarehe akijua kuwa yaliyotokea yamekwisha kutokea. Mchezo wa mezani hudai nafsi ya pili na wakati uliopo: mnavuta, mnaona, mnafanyaje. Badiliko hilo dogo la viambishi humtoa msikilizaji barazani na kumwingiza mtumbwini.

Tuutazame pia mpangilio wa maneno. Nikisema, "Kikongwe amesimama mlangoni", nimekwisha kulijibu swali kabla halijaulizwa. Nikisema, "Mlangoni pamesimama kikongwe", nimekufikisha kwanza mlangoni, nikakuonyesha kuwa pana kitu kimesimama, na jina lake nikaliweka mwisho. Kiambishi pa- hutuwezesha kumchelewesha mhusika hadi mwisho wa sentensi. Mababu waliobuni "paliondokea" hawakulichagua umbo hilo kwa bahati nasibu.

Wala tusidhani kwamba ushiriki wa msikilizaji ni jambo geni lililotujia kutoka Marekani. Msimulizi wa pwani husema "Paukwa!" na hadhira humjibu "Pakawa!" kabla ya hadithi kuanza. Huo ni mkataba: asiyejibu hasimuliwi. Kwa Wajaluo, watoto walikusanyika katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee, wakasikiliza sigana, wakateguliana vitendawili na kuitikia nyimbo zilizomo hadithini. Mchezo ule wa meza umeongeza dadu na kanuni tu juu ya msingi ambao sisi tulikuwa nao.

Hazina ya mianzo iliyo kandokando ya ziwa hili ni kubwa. Karibu na Kendu Bay lipo ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambalo masimulizi husema lilikuwa kijiji kilichomnyima kikongwe hifadhi usiku wa karamu, kikagharikishwa. Mwanzo wake huu hapa: wewe ndiwe mlinzi wa lango, mvua inanyesha, mwenye karamu amekataza wageni, na langoni pamesimama kikongwe aliyeloa. Ama mtazame Lwanda Magere, shujaa wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na udhaifu wake ulikuwa kivulini. Simulizi nyingi humfuata yeye. Mfuate mke wake, binti wa maadui aliyeozwa kwake ili aipeleleze siri ya nguvu zake. Mume ni mgonjwa, kisu cha kuchanjia kiko mkononi mwako, naye anakuambia ukichanje kivuli. Sasa unajua. Je, utarudi kwenu?

Kwa nini nawashughulisha walimu na mambo haya? Kwa sababu darasani mwanzo umegeuka kuwa pambo. Wanafunzi wengi huingia katika chumba cha mtihani na aya ya kwanza waliyoikariri, yenye jua linalochomoza, ndege wanaoimba na majogoo wanaowika, wakaibandika juu ya kisa chochote, kiwe cha harusi au cha ajali. Ajabu ni kwamba mtihani wa insha wa KCSE mara kwa mara humpa mtahiniwa ndoana tayari, pale anapoambiwa aandike kisa kitakachoanza au kumalizikia kwa maneno fulani. Mtahiniwa huipokea ndoana hiyo, kisha akaizika chini ya mawio ya kukariri. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya awali ya shule za msingi nchini mwaka 2019, unautaja ubunifu kuwa miongoni mwa nguzo zake. Ubunifu haupimwi kwa wingi wa tashbihi zilizokaririwa. Unapimwa kwa uwezo wa kijana kuiona hali ya kawaida na kuuliza: ingekuwaje kama?

Wapo watakaonipinga. Mzazi atasema dadu ni kamari, naye ana haki ya kuogopa, maana vijana wetu wameumizwa vya kutosha na michezo ya kubahatisha. Lakini hapa hapana pesa inayowekwa wala kushindwa. Wengine watasema wachawi na majitu ni mambo ya kishetani. Shutuma hiyo iliandama mchezo huu huko Marekani pia katika miaka ya 1980. Nami nauliza, je, zimwi wa hadithi za bibi zetu alimpoteza nani? Mwalimu naye atasema hana muda, ana silabasi ya kukamilisha. Huyo ndiye ninayemhurumia zaidi, lakini ninalomwomba ni dakika kumi tu kwa juma.

Na afanye hivi. Achague mahali wanafunzi wanapopajua kwa miguu yao: soko la Otonglo, njia panda ya Kisian, ufuo wa Usoma, mwamba wa Kit Mikayi. Avunje jambo moja tu la kawaida la mahali hapo. Awaambie wanafunzi wao ni nani. Kisha aulize wanafanyaje, na anyamaze. Kunyamaza huko ndiko sehemu ngumu ya kazi, kwani mwalimu amezoea kutoa funzo. Mwaka 2013, mwanafunzi wa shule ya upili ya Highway, Nairobi, alilichekesha taifa kwa masimulizi yake "Otonglo Time", aliyoyatoa hata mbele ya Rais Uhuru Kenyatta. Kwa Kijaluo, otonglo ni sarafu ya senti 10. Vipawa vya aina hiyo vimo katika kila darasa, na havihitaji kitabu cha ng'ambo wala theluji ili vifumbuke.

Kwa wanafunzi watakaoisoma makala hii, nawaachia mwanzo mmoja, nao ni mali yenu. Ni saa kumi na moja alfajiri. Ninyi ni wachuuzi mnaopanga nyanya sokoni Otonglo. Relini, kutoka upande wa Kisumu, panasikika garimoshi, ingawa hamkuambiwa kuwa lipo leo. Linapunguza mwendo, linasimama. Ndani hamna dereva. Katika behewa la kwanza ameketi mtoto mmoja, na anawaita kwa majina yenu.

Mnafanyaje?