Baharia ni nani? Neno moja, kazi nyingi



Mara nyingi tukisoma Matendo ya Mitume sura ya 27 katika kikundi cha Biblia, swali moja hutokea. Mmoja anasoma katika Biblia yake neno "mabaharia". Jirani yake, mwenye tafsiri nyingine, anasoma "wanamaji". Ndipo kijana anauliza: watu hawa walikuwa askari, au walikuwa wafanyakazi wa merikebu? Na sisi wa Lusangi, Kasongo na Kabambare, tulio mbali na bahari, tuwafikirie namna gani?

Tuanze na maneno yenyewe. "Baharia" limetoka katika neno "bahari", ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu. Maana yake ni mtu anayefanya kazi ndani ya chombo cha baharini: anayevuta kamba, anayetweka tanga, anayeshusha nanga, na siku hizi anayetunza injini. "Mwanamaji" ni neno la Kibantu lililo wazi, mtu wa maji. Lakini leo, serikali zinaposema jeshi la wanamaji, zinataja askari wanaolinda nchi majini. Kwa hiyo kijana wetu hakukosea kuuliza. Katika Matendo 27 askari wamo pia, wakiwa chini ya akida wao, ila wao si mabaharia. Ni makundi mawili ndani ya merikebu moja.

"Nahodha" ni mkuu wa chombo. Neno hili lina asili ya Kiajemi, nalo limeunganisha maneno mawili: chombo na bwana. Hilo neno la pili, "khuda", Waajemi hulitumia hata kwa kumtaja Mungu. Hivi leo tunamwita nahodha hata kiongozi wa timu ya mpira. "Rubani" zamani alikuwa mwongozaji wa chombo majini, lakini sasa wengi wakisikia neno hilo wanafikiri ndege.

Lugha nyingine nazo zina njia zao. Waingereza husema "sailor", neno linalotokana na tanga, na "seaman", mtu wa bahari. Wafaransa husema "marin", kutoka neno la Kilatini la bahari. Wana pia "matelot", na wataalamu wengi wanasema asili yake ni neno la Kiholanzi lenye maana ya mwenzi wa kitanda, maana mabaharia wawili walilala kwa zamu mahali pamoja. Lugha moja imetazama tanga, nyingine bahari, nyingine imetazama ujirani wa watu wanaoishi ndani ya chombo kimoja.

Neno huweza pia kugeuka likiwa mtaani. Huko Dar es Salaam, vijana wanaozamia meli, yaani wanaojificha ndani yake ili wafike nchi za mbali bila nauli, wamejiita mabaharia. Wengine humwita hivyo mwanaume mjanja wa mjini, hata asiyejua kuogelea. Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema "huyu ni baharia", tazama kwanza anasema wapi na juu ya nani.

Sasa turudi kwetu. Katika Lualaba na Luama hatuna mabaharia kwa maana kamili ya neno, kwa sababu hatuna bahari. Tuna wapiga kafi, wenye mitumbwi, na waendeshaji wa boti za mbao zenye moteri. Lakini uzito wa kazi yao ni ule ule. Mwaka 1871 David Livingstone alifika Nyangwe, kando ya Lualaba, si mbali na Kasongo. Alikaa huko miezi mingi akitafuta mitumbwi ya kumwezesha kuendelea, asiipate, akalazimika kurudi. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alipita hapo na mashua yake mwenyewe, "Lady Alice", iliyobebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi. Aliyeshika usukani wake aliitwa Uledi, mmoja wa watu aliowaandika Zanzibar. Vitabu vingi humsifu msafiri, lakini msafiri hafiki bila mwenye kafi.

Ndiyo sababu Matendo 27 inatugusa. Usiku wa manane, katikati ya dhoruba, mabaharia walijua kwamba nchi kavu iko karibu. Wakashusha mashua ndogo wakijifanya wanakwenda kutia nanga, kumbe walitaka kukimbia peke yao. Paulo aliwaambia akida na askari kwamba wale wasipobaki, wengine hawataokoka. Askari wakakata kamba, mashua ikaanguka. Watu 276 walikuwa ndani, na wote walifika pwani wakiwa hai.

Linganisha na mabaharia wa kitabu cha Yona. Wao hawakumjua Mungu wa Israeli, hata hivyo walitupa mizigo baharini, wakapiga makasia kwa nguvu ili kumrudisha Yona nchi kavu, kabla ya kukubali kumtupa. Wote wawili, wa Yona na wa Paulo, wanaitwa mabaharia. Jina ni moja, lakini dhoruba ndiyo iliyoonyesha nani anajali abiria.

Jambo hili kwetu si hadithi ya kale. Tarehe 3 Oktoba 2024, chombo kilichotoka Minova kilizama katika ziwa Kivu karibu na bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu walikufa. Kilikuwa kimepakia watu kupita kiasi. Katika mito yetu pia tunavuka kwenda sokoni, kwenye mazishi na kwenye mikutano ya kanisa.

Kwa hiyo, ndugu mwenye mtumbwi, ukikataa mzigo uliozidi, usiogope kuitwa mwoga. Hapo ndipo unapokuwa baharia kweli. Nasi abiria tusimlazimishe atupakie wote kwa sababu tumechelewa, wala tusidharau jile, lile koti la kuelea majini.

Neno la mwisho ni kwa viongozi. Katika Kigiriki, neno la mshika usukani katika Matendo 27:11 lina shina moja na neno la karama ya maongozi katika 1 Wakorintho 12:28. Kuongoza kanisa ni kushika usukani. Dhoruba ikija, watu watatazama kama mashua ndogo bado imefungwa mahali pake, au kama umeanza kuishusha kimya kimya.