Je, Wajua?

Mtu wa Butiama anayetaka likizo ya kisiwani halazimiki kwenda Zanzibar. Ukerewe, chenye kilomita za mraba 530 hivi, ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, na kipo ng'ambo tu ya Wilaya ya Bunda.

Ila safari yake ni ya kupandisha na kushusha mizigo. Unatoka Butiama hadi Makutano, unadaka basi la Musoma kwenda Bunda, unabadili gari kuelekea Kisorya kupitia Bulamba. Hapo unasubiri pantoni, na kusubiri ndiko kunakochosha kuliko mwendo wenyewe. Ng'ambo ni Rugezi, umeingia Mkoa wa Mwanza. Bado gari moja ufike mji wa Nansio.

Ajabu ni kwamba meli inayoitwa MV Butiama imewahi kutumika kati ya Mwanza mjini na Nansio. Mwenyeji wa Butiama aliyeitaka, kwanza ilimbidi azunguke hadi Mwanza!

Ukifika, usikimbilie kuogelea ziwani, kichocho kipo. Na kabla hujaondoka Bunda, ulizia saa ya pantoni ya mwisho. Ukiikosa, utalala Kisorya.